Katibu Mkuu wa Jikoni

Kwenye karatasi, mkuu wa nyumba yetu ni Baba watoto. Jina lake ndilo lililo kwenye hati ya kiwanja na kwenye ankara ya maji, na kile kiti cha kichwani mwa meza ni chake, hakuna mtoto anayethubutu kukikalia. Yeye ndiye mtoa matamko. Akisema kuanzia leo taa za nje zizimwe saa nne, wote tunaitikia "Sawa, Baba," kisha taa zinazimwa saa ile Mama anayotaka zizimwe. Mama ni mama yake mzazi, mkwe wangu mimi, na funguo zote za nyumba, kuanzia wa stoo hadi wa kabati la vyombo, zimefungwa kwenye pindo la kanga yake. Mama hatoi matamko. Huuliza tu, kwa upole wote, "Umelifikiria vizuri, mwanangu?" Na mwanawe, ambaye huko kazini kwake anasimamia watu wazima, hunyamaza akafikiri, na jambo lenyewe likafia hapo hapo.

Tuliishi hivyo kwa amani, kila mtu na mipaka yake, mpaka Mjomba alipokuja na flashi.

Mjomba ni mdogo wake Mama, kitinda mimba wao. Alistaafu akiwa karani mkuu wa masjala katika wizara moja, enzi wizara zote zilipokuwa bado Dar es Salaam. Alikuja kwetu Tabata kutibiwa macho. Macho yakapona, yeye akabaki. Ana kalamu tatu mfukoni mwa shati, nyekundu, nyeusi na ya buluu, na kila moja ina cheo chake. Ile flashi alipewa na mtoto wa bosi wake wa zamani, na ndani yake kulikuwa na Yes Minister yote, mwanzo mpaka mwisho.

Kwa asiyeijua, ni vichekesho vya runinga ya Uingereza, vilivyoanza kurushwa na BBC Februari 1980. Waandishi wake ni Antony Jay na Jonathan Lynn. Jim Hacker, mwanasiasa mwenye nia njema na hofu kubwa ya magazeti, anateuliwa kuwa Waziri wa wizara ambayo shughuli yake ni kuutawala utawala wenyewe. Anaripoti kazini na ilani ya chama kwapani. Anapokewa na Katibu Mkuu wake, Sir Humphrey Appleby, msomi mpole, suti haina hata kunyanzi moja, na kuanzia dakika ile ilani inatafutiwa kabati la kulala. Katikati yao amesimama Bernard Woolley, katibu wa Waziri, kijana anayetakiwa amtii huyu huku kupanda kwake cheo kukiwa mikononi mwa yule. Basi, ndiyo hiyo. Watu watatu wanaongea ofisini. Hakuna anayekimbizwa, hakuna anayenyweshwa sumu, hakuna mama mkwe mchawi. Ukiitazama kwa macho ya mtu aliyezoea tamthilia zetu, unaweza kuapa kuwa mpigapicha amesahau kuwafuata waigizaji nje.

Walikwenda hivyo vipindi 21 na kimoja cha Krismasi ya mwaka 1984, ambapo Hacker, kwa bahati na hila, anaukwaa Uwaziri Mkuu. Vikafuata 16 vya Yes, Prime Minister hadi Januari 1988. Sisi Tanzania Bara runinga tumeipata mwaka 1994, kwa hiyo Waingereza walipokuwa wakicheka sebuleni mwao, Mjomba alikuwa masjala akiyatenda.

Tulianza kuangalia jioni, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili. Mama Kiingereza chake ni cha kuombea maji, hivyo Mjomba akajipa kazi ya ukalimani, na hakuhangaika nayo. Waingereza walipoiacha Tanganyika mwaka 1961 walituachia Katibu Mkuu, masjala, jalada, folio, na ile nakala ya barua inayopelekwa kwa mtu asiyehusika. Bendera tuliibadilisha usiku mmoja, jalada tukaendelea nalo. Mjomba alipofika mahali Sir Humphrey anapomwambia Waziri kuwa uamuzi wake ni wa kijasiri, naye Waziri akaingiwa na ubaridi kwa kuwa neno hilo kwa Humphrey lina maana ya kupoteza uchaguzi, mzee alisimamisha picha akafuta macho. "Huyu bwana," akasema, "ningempa faili langu lolote."

Mimi nilitarajia Mama asinzie. Hakusinzia. Maneno yalimpita, ila nyuso hazikumpita. Humphrey akiinamisha kichwa kidogo kabla ya kujibu, Mama anaguna. Hacker akianza kupaza sauti kama Churchill, Mama anamgeukia mwanawe. Baba watoto naye, kila Humphrey alipompiga Waziri chenga, alikuwa akimtazama Mjomba kwa jicho la kusema yamekukuta. Mjomba anamtazama Mama. Binti yetu wa kidato cha tatu anatutazama wote. Kicheko kilikuwa kimoja, lakini kila mmoja wetu alikuwa akimcheka mwenzake, na naamini uhondo wa kile kipindi uko hapo. Kichekesho kinachomkejeli mjinga kinachosha upesi, kwa sababu mjinga ni yuleyule kila wiki. Hawa kina Jay na Lynn hawakumwandika mjinga. Waziri ana sababu zake, anataka kura. Katibu Mkuu ana sababu zake, amewaona mawaziri wakija na kuondoka, na kuna mtu lazima abaki afunge milango. Hata Bernard ana sababu, ana cheo cha kupanda. Ukiwasikiliza mmoja mmoja wote wana haki, na kazi haifanyiki.

Usinielewe vibaya, wakubwa wenyewe waliipenda vilevile. Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kweli wakati huo, alikuwa mshabiki asiyejificha. Januari 1984 alipanda jukwaani na Paul Eddington, yule Hacker, na Nigel Hawthorne, yule Humphrey, wakaigiza kichekesho kifupi ambamo yeye alijiigiza mwenyewe, akimtaka Sir Humphrey awafute wanauchumi wote serikalini. Nilimsimulia Mama habari hiyo tukichambua mchele. Akachambua, akachambua, akauliza: "Kwani yeye alidhani wanamsema nani?"

Swali hilo nimewahi kulitupa kwa watu wenye shahada, hakuna aliyelijibu kunishinda.

Mjomba alikuwa na swali lake pia, la nani aliyetoa siri. Nilipomwambia kwamba waandishi walikuwa wakipewa mikasa na watu waliofanya kazi ndani kabisa ya ofisi ya Waziri Mkuu Harold Wilson, Marcia Williams na Bernard Donoughue, alitikisa kichwa kama aliyefiwa. Uvujaji wa nyaraka kwake si jambo la kuchekea. Alipoa tu aliposikia habari za tuzo: Hawthorne alipewa ya BAFTA mara nne kwa kuwa Katibu Mkuu, na Eddington, aliyekuwa Waziri, hakupata hata moja kwa kazi hiyo. "Ndivyo inavyokwenda," akasema, akafungua soda.

Sasa niseme habari ya hospitali, maana mambo yote yalianzia hapo.

Kuna kipindi cha mwaka 1981 ambamo Hacker anagundua hospitali mpya kabisa mjini London, ina watumishi wa utawala na wa usafi wapatao 500, na haina mgonjwa hata mmoja. Haina madaktari wala wauguzi pia. Fedha zimeishia kwenye utawala. Anakwenda kuitembelea. Vitanda vimetandikwa, mashine zinang'aa, chumba cha upasuaji kimya. Msimamizi, mama mmoja nadhifu, anampitisha kwa fahari akimweleza kuwa ni miongoni mwa hospitali zinazoendeshwa vizuri kuliko zote nchini, na imo kwenye kinyang'anyiro cha tuzo ya usafi. Waziri anauliza wagonjwa wako wapi. Humphrey baadaye anamshangaa: shughuli zote hizi zipo, za mipango, za mishahara, za matengenezo, wagonjwa wa nini tena?

Sisi tulicheka hadi dada wa kazi akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Mama hakucheka. Alimsikiliza Mjomba hadi mwisho wa tafsiri, akasema, "Sasa hiyo hospitali si ni safi?"

"Safi, dada, lakini haina wagonjwa."

"Si ndiyo maana ni safi."

Pakawa kimya. Halafu, bila kupanga, macho yetu yote yakageukia mlango wa sebule.

Maana tulikuwa tumekaa ukumbini, kwenye mkeka na viti vya plastiki. Sebule ya nyumba yetu ni chumba kingine. Ina makochi ambayo mpaka leo yamevaa nailoni ya dukani, zulia la buluu lililotoka Dubai, kabati la vioo lenye vyombo vya kaure ambavyo havijawahi kuonja pilau, na saa ya ukutani inayosema saa kumi na dakika tano tangu betri ilipokufa. Kila Jumamosi Mama anafungua, dada anafagia na kufuta vumbi mbele ya macho yake, kisha mlango unafungwa. Ni kwa ajili ya wageni. Wageni wakija, Mama huwatazama viatu, akaamua kuwa hawa ni wa ukumbini.

Baba watoto hakulala vizuri usiku ule. Nadhani ndipo alipoanza kuwa Hacker kweli kweli.

Wakati huo huo tulikuwa na jambo dogo la maji. Nyuma ya ile sebule, juu ya mnara wa zege, kuna tanki letu la lita 2,000. Maji ya bomba mtaani kwetu huja usiku wa manane, na kazi ya kuyazuia tanki likijaa ni ya koki ya boya: kijumba cha shaba, mkono mwembamba, na mpira wa plastiki unaoelea. Maji yakipanda, mpira unapanda, mkono unaibana koki. Yetu ilikuwa haibani. Tanki likijaa linamwagika ukutani hadi alfajiri. Mimi ndiye ninayeamka kwanza, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona, na mimi ndiye niliyesema. Koki mpya ilikuwa Sh 15,000.

Siku za nyuma ningemwomba Baba watoto hela, angenipa au angenizungusha, tungemalizana. Lakini nyumba ilikuwa imeshaingiwa. Mjomba akanishauri nilete jambo hilo kimaandishi, "ili lisipotee." Akanipigia mstari mwekundu pembeni mwa karatasi ya daftari, akanielekeza. Nakala ninayo mpaka leo:

"Kwako: Baba watoto. Kupitia kwa: Mama. Yah: Ununuzi wa koki ya boya. 1. Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya jikoni. 2. Tanki linamwagika kila maji yanapokuja na ankara imepanda. 3. Naomba idhini ya Sh 15,000. 4. Naomba kuwasilisha."

Chini yake Baba watoto, kwa kalamu aliyoazimwa: "Mama, naomba ushauri wako." Mama haandiki madokezo. Mjomba akamwandikia, kwa ile ya buluu: "Mama amefahamishwa. Angependa kujua kama fundi atakuwa yule aliyejenga mnara." Baba watoto: "Mjomba, tafadhali jadili." Mjomba: "Imejadiliwa. Kuna maoni tofauti. Napendekeza kamati ndogo." Baba watoto, kwa maandishi makubwa ya mtu aliyefurahi kupata neno: "Naafiki."

Jalada likafunguliwa. Lilikuwa kasha la nafaka za watoto lililokatwa katikati na kutobolewa tundu la kamba, likapewa namba. Kamati ikakaa siku za Jumapili baada ya chakula. Wajumbe walikuwa Mjomba (mwenyekiti na katibu), Mama, na binti yetu kama mwakilishi wa vijana. Mimi niliyeleta hoja sikuwemo, kwa kuwa nina maslahi. Kamati ilikunywa chai ya maziwa kwa vitumbua, na kwa hesabu ya mtu anayenunua mchele na mafuta, koki ilishalipiwa na kamati ilipokuwa bado inapitia hadidu za rejea.

Mvutano ulikuwa juu ya fundi. Mama alimtaka fundi wake, mzee wa heshima aliyejenga mnara, ambaye siku hizi hapandi ngazi. Mjomba alitaka nukuu tatu za bei kutoka kwa mafundi watatu, kama kanuni zinavyotaka. Binti yetu akajitolea kufanya kura ya maoni. Ilinipasa nishtuke hapo hapo, maana jana yake tu alikuwa ameangalia kipindi ambamo Humphrey anamfundisha Bernard namna ya kupata majibu yoyote uyatakayo: unamuuliza mtu kwanza kuhusu uhalifu wa vijana, na nidhamu iliyopotea, halafu unamuuliza kama vijana waende jeshini, atasema ndiyo, au unaanza na hatari ya vita na ubaya wa kuwapa vijana bunduki, halafu swali lile lile, atasema hapana.

Nilimsikia barazani. "Bibi, unaona ni vizuri mtu kuwakumbuka waliomtendea wema?" Vizuri, mjukuu wangu. "Na wageni wasiojulikana wakiingia uani, si wanaweza kuchungulia mpaka stoo?" Wataacha? "Kwa hiyo aje fundi yule wa zamani?" Aje. Baadaye akamwendea Mjomba. "Babu, mzee wa miaka sabini na kitu akianguka kwenye mnara, jamii itatusemaje?" Itatusema vibaya. "Na ushindani si hupunguza bei?" Hupunguza sana. "Kwa hiyo waje mafundi watatu?" Waje. Taarifa yake, kurasa mbili, ilionyesha kuwa kila pendekezo limeungwa mkono kwa asilimia mia. Kamati ikampongeza, ikaahirisha.

Nilipolalamika kwa Baba watoto alinijibu hatua kwa hatua, na ilinichukua muda kung'amua nimeyasikia wapi majibu yale. Mwanzoni alisema tanki halimwagiki, ni umande. Baadaye akakubali kuna unyevu, lakini si wa kuchukulia hatua. Ukuta ulipoanza kuota ukijani akasema hatua ingefaa, tatizo ni kwamba mwezi haujaisha. Nilikuwa nasubiri la mwisho, la kwamba pengine ingewezekana zamani ila sasa tumechelewa. Kwenye Yes, Prime Minister mpango huo ni wa watu wa Wizara ya Mambo ya Nje, wa kushughulikia mgogoro katika kisiwa cha mbali. Sisi tuliutumia kwa koki.

Huku nyuma likaja jambo la heri. Wifi yangu, dada yake mdogo Baba watoto, alipata mchumba, na upande wa mume ukaleta taarifa kuwa watakuja kuposa. Wageni wa posa ni wa sebuleni, hata Mama alilikubali hilo. Na hapo ndipo Baba watoto alipofanya mapinduzi.

Alikuwa ameangalia kile kipindi cha ufunguo. Hacker, sasa Waziri Mkuu, anaagiza Sir Humphrey anyang'anywe ufunguo wa mlango unaounganisha ofisi yake na nyumba ya Waziri Mkuu, na mtu aliyezoea kuingia kama kwake anajikuta nje akigonga kwa hasira. Baba watoto alikiangalia mara mbili. Kesho yake asubuhi, mbele yetu sote, akamwambia mama yake kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka kidogo: "Mama, naomba ufunguo wa sebule uwe kwangu. Mimi ndiye nitakayepokea wageni."

Nilishika ukingo wa meza. Mama alimtazama. Akafungua pindo, akautoa, akamwekea kiganjani. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Ni uamuzi wa kijasiri."

Mjomba alikohoa chai yote. Baba watoto hakusikia chochote. Aliuning'iniza ule ufunguo kwenye mshikio wa funguo zake za gari, akatembea nao wiki nzima kwa mlio. Jumamosi, siku ya kufagia, ikapita: Mama hakuwa na ufunguo, Baba watoto hakukumbuka.

Siku ya posa tuliamkia jikoni. Pilau, kachumbari, kuku wa kukaanga, juisi ya ukwaju. Saa nne, Baba watoto akiwa na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akaenda kufungua sebule. Ufunguo ukazunguka. Kitasa kikashuka. Mlango haukwenda. Akasukuma kwa mkono, akasukuma kwa bega. Ni mlango wa mninga, mzito, na ulikuwa umevimba kwenye fremu. Chini yake zulia la buluu lilichungulia kidogo, na lilikuwa limebadilika rangi. Niliinama nikaligusa. Lilikuwa chapachapa.

Kumbe maji yote yale ya usiku yalikuwa na safari yake. Yalishuka ukutani, yakaingia kwenye ufa chini ya msingi, yakatokea sebuleni, na kwa kuwa hakuna anayeingia sebuleni, hakuna aliyeona.

Mjomba akashauri dirisha, kama Sir Humphrey alivyolazimika kufanya. Tukamwonyesha nondo. Aliyeagiza nondo za inchi moja madirisha yote ni Mama, mwaka ule wa wezi wa redio.

"Mama," akasema Baba watoto, kanzu imeshapata baka begani, "tufanyeje?"

"Ufunguo si unao wewe, mwanangu?"

Wageni wakapiga hodi.

Waliingia wazee wanne na mshenga wao, mtu mfupi mwenye kofia ya kutarizi na macho yanayotembea. Na hapa lazima nimpe Mama haki yake. Kabla Baba watoto hajafungua kinywa, alikuwa ameshatoka uani na kanga mpya, amewatandikia mkeka chini ya mwarobaini, anawaambia kuwa kwa watu wanaotarajiwa kuwa ndugu, ukoo huu haupokei ndani kama wapangaji, unapokea nje penye hewa, kwa desturi ya wazee. Desturi hiyo mimi, miaka yangu yote humo ndani, ndiyo kwanza naisikia. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Mjomba akaninong'oneza kuwa amewahi kufanya kazi chini ya makatibu wakuu kadhaa, na hakuna aliyefikia hapo.

Barua ya posa ikatolewa kwenye kitambaa cheupe. Mjomba akaombwa kuisoma. Alikuwa amefika kwenye "kwa heshima na taadhima tunabisha hodi nyumbani kwenu" ndipo tuliposikia bomba likikoroma. Mchana kweupe, siku ile moja katika mwezi, maji ya mtaa yakaja. Tanki lilikuwa limeshajaa tangu usiku. Haikupita muda likaanza kumwagika nyuma yetu kwa sauti iliyomfanya Mjomba apandishe ya kwake. Alisoma sentensi mbili akipiga kelele. Mshenga akanyoosha kidole.

"Samahani, wazee. Lile tanki."

"Linashughulikiwa," Mama na Mjomba walijibu pamoja.

Mshenga alivua kofia akamkabidhi jirani yake. Tulikuja kujua baadaye kuwa amestaafu idara ya maji. Alipanda ngazi ya mnara kwa viatu vyake vya posa, akafunua mfuniko, akaingiza mkono mpaka kwapani. Hakuomba spana. Aliukamata ule mkono mwembamba wa boya, akaukunja kwenda chini kidogo tu, ili mpira ubane mapema kabla maji hayajafika ukingoni. Maji yakakata. Akashuka, akajifuta kwa leso, akarudi mkekani. "Endelea, mzee," akamwambia Mjomba. "Tulikuwa tunabisha hodi."

Koki ilikuwa nzima muda wote. Ilihitaji mtu mmoja apande.

Vijana wa upande wao ndio waliousukuma mlango wa sebule mpaka ukakubali. Harufu ilitoka kwanza. Zulia limeoza pembeni, miguu ya makochi imevimba, na nailoni juu yake kavu, safi, inang'aa. Sote tulisimama mlangoni. Mama alipita katikati yetu, akatazama kwa muda, akamgeukia mwanawe.

"Unaona sasa," akasema, "kwa nini nilikuwa sitaki watu waingie?"

Posa ilikubaliwa. Kwenye mahari mshenga alishusha bei kwa kutukumbusha, kwa lugha ya mzunguko na tabasamu tele, kwamba upande wao tayari umeshachangia miundombinu. Mjomba aliliingiza kwenye kumbukumbu za kikao.

Jumatatu iliyofuata nikaletewa jalada mkononi. Dokezo langu lilikuwa limerudi, limepita kote, na chini kabisa Baba watoto ameandika kwa wino mwekundu, kalamu ambayo Mjomba hampi mtu hivi hivi: "Imeidhinishwa. Koki inunuliwe." Nilisema tanki limeshapona. Mjomba akanieleza kwa subira kuwa fedha ikishaidhinishwa lazima itumike, vinginevyo mwakani tukiomba tutaambiwa hatukuwa na shida. Nikaenda nikainunua. Ikapokelewa, ikakaguliwa, ikaandikwa kwenye daftari la vifaa, ikawekwa ndani ya kabati la vyombo, kati ya birika la kaure na sahani za pilau, ikafungiwa.

Wifi yangu ameshaolewa, anaishi Kibaha, na tanki lake linavuja. Juzi alipiga simu kuiomba ile koki, maana kwetu haina kazi. Ameambiwa aandike barua, ipitie kwa mumewe.